Mahindi ya Chini ya Kitanda

Nikilikumbuka jiko la bibi yangu mzaa mama, kinachonijia kwanza ni giza lake. Moto wake huja baadaye. Lilikuwa banda la udongo lililojitenga nyuma ya nyumba, huko ndani ya Kisarawe ambako mikorosho imeachiana nafasi na mihogo hujaza nafasi hiyo. Mtu aliyetoka juani alilazimika kusimama mlangoni mpaka macho yazoee, na macho yakishazoea yalianza kuona vya juu kabla ya vya chini. Juu kulikuwa na mahindi. Yalijaa kwenye uchaga wa fito uliokuwa juu ya mafiga, mengine yamelazwa, mengine yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake na kuning'inizwa, na moshi ulipita katikati yake bila haraka kabla ya kutokea kwenye makuti. Yale ya chini yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Sisi wajukuu tulipokuja likizo tulilala na harufu hiyo kwenye nywele, tukarudi nayo Kibaha, na shuleni wenzetu waliinusa kabla hatujasema tulikuwa wapi.

Naeleza mambo haya kwa utulivu ambao sikuwa nao mwaka ambao yalipata maana nyingine kwangu. Nimejaribu kuyaandika mara kadhaa, na kila mara nilijikuta naanza na maabara. Naona sasa kwamba maabara haiwezi kutangulia.

Bibi alikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine, ingawa huenda wapo wengi walioifuata. Kila alipopandisha mavuno kwenye uchaga, alitenga mahindi ya kona moja, ile iliyopata moto sawasawa, na kuyaita mahindi ya mwana. Hayo hayakuguswa kwa ugali wala kwa kande. Yalimsubiri mtoto yeyote wa ukoo aliyefikia umri wa kuanza kula. Mtoto akifika umri huo, popote alipo, bibi aliyapukuchua kwa mikono yake, akayapepeta, akayachagua punje kwa punje kwenye ungo, akayatuma. Mama yangu alianza kula kwa mahindi hayo. Dada yangu pia, na mimi baada yake. Nakumbuka nikiwa mdogo nilimsikia akimwambia jirani, bila majigambo, kwamba hakuna mtoto wa tumbo lake wala wa tumbo la tumbo lake aliyeonja chakula cha dunia kabla hajaonja cha kwake.

Dada yangu alipojifungua binti, sote tulijua uji wa kwanza utatoka wapi. Wakati huo yeye na mumewe walikuwa wameshahamia nyumba yao ya Visiga, jirani na barabara ya Morogoro. Shemeji ni mtu wa bara, mtumishi wa serikali anayekwenda Dar es Salaam kila alfajiri na kurudi jioni akiwa bado na nguvu za kutania. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Sofu ili niwe karibu nao huku nikisoma shahada ya uzamili, na Jumapili nilikula kwao.

Bibi alikuja Visiga kumwona kitukuu wake, akabeba kifuko cha mahindi ya msimu uliopita. Dada akasaga kidogo, akapika uji, tukaonja wakubwa kabla ya kumpa mtoto. Shemeji akaweka kijiko chini akanusa.

"Bibi, huyu mtoto analishwa uji au analishwa mkaa?"

"We mwanamume wa bara," bibi akamjibu, "kwenu mnakula unga mweupe hauna harufu hata ya mkono wa mtu. Ndiyo maana umekuja kuoa huku."

"Nimekuja kuoa binti, sikuja kuoa moshi."

Tukacheka sote, na bibi alicheka kuliko wote. Shemeji hakumaanisha ubaya. Alikunywa bakuli lake lote na kuomba jingine. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nauli. Sikuona, na nadhani hakuna aliyeona, kwamba bibi aliondoka na maneno yale. Nimeyarudia mara nyingi kichwani nikitafuta dalili usoni pake, na kumbukumbu yangu, ambayo katika mambo mengine ni ya kutegemewa, hunipa uso unaocheka tu.

Masika ya mwaka huo yalikataa kuondoka. Mvua ilinyesha hata wakati ambapo kwa kawaida mahindi husimama yakikauka shambani, na ngedere nao walikuwa wameanza kuvuna kabla ya mwenye shamba. Bibi akayavunja mahindi yakiwa bado na unyevu. Mengi akayapandisha jikoni kama kawaida. Lakini ya mtoto, baada ya mwezi na kitu, yalifika Visiga yakiwa meupe, masafi, yamefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, hayana hata chembe ya harufu ya moshi. Dada alinipigia simu kunieleza kwa furaha. Alisema bibi ametuma nusu, na nusu nyingine amebaki nayo ili mtoto asikaukiwe. Yakachanganywa na karanga kidogo na ulezi, yakasagwa, na binti yetu akaanza kula kwa pupa ambayo ilimfurahisha kila mtu.

Utafiti wangu ulihusu sumukuvu. Kwa asiyeifahamu, ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zilizohifadhiwa kwenye joto na unyevu. Haionekani kwa macho. Ukungu waweza kufutwa, punje zikang'aa, na sumu ikabaki. Kuchemsha hakuiondoi. Mtu mzima aliyekula kidogo leo hatajua. Ini lake ndilo litakalojua, miaka mingi baadaye. Mtoto mdogo hudumaa. Mambo haya nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua jedwali. Nilikuwa nimekusanya sampuli kwa wakulima wa kijiji cha Janga, nimejifunza kuzisaga na kuzichuja, na nilichohitaji ili nijaribu vifaa kabla ya kazi yenyewe ni mahindi ambayo nilikuwa na hakika kwamba ni safi, ya kulinganishia.

Nilikwenda jikoni kwa dada nikachota bakuli moja la mahindi ya bibi, yale ambayo hayajasagwa.

Kipimo cha haraka tulichotumia ni kipande kidogo chenye umbo la kijiti. Kikichovywa kwenye maji yaliyotokana na unga, mistari miwili ikitokea maana yake nafaka haijavuka kiwango kinachoruhusiwa. Ukitokea mmoja, imevuka. Mpangilio huo ulikuwa umenichanganya tangu siku ya kwanza, kwa sababu akili hutegemea ubaya ujionyeshe, na hapa ubaya huonekana kwa kukosekana kwa kitu. Nilikaa nikiusubiri mstari wa pili. Nikageuza kijiti kwenye mwanga. Nikawaza kwamba labda vifaa vimeharibika kwa joto, nikachukua kijiti kingine, kisha nikachukua mahindi mengine kutoka bakuli lilelile na kurudia kila hatua polepole. Mwishowe nikapeleka sampuli kwenye mashine kubwa, ambayo haitoi mistari, hutoa tarakimu.

Msimamizi wangu alisimama nyuma ya kiti changu akiitazama tarakimu hiyo.

"Haya ni ya mkulima gani wa Janga?"

"Si ya Janga," nikasema.

"Ya wapi?"

Nilisema ni ya nyumbani, naye akadhani natania, kisha akaona uso wangu akavuta kiti.

Nilitoka nje nikampigia dada simu.

"Unga wa mtoto bado upo?"

"Upo. Leo kamaliza bakuli mpaka kalamba kijiko. Unataka kuja kula wewe?"

"Usimpe tena, dada."

Kisha sauti yake ikashuka. "Una nini?"

Nikamweleza. Nilitumia maneno ya darasani kwa sababu mengine hayakuja, naye akanikatiza.

"Umepima wewe au amepima mtu mwingine?"

"Nimepima mimi. Nimerudia. Msimamizi ameona."

"Maana wewe si ndiye uliyefika Maili Moja ukashuka kwenye gari, ukarudi Sofu kuangalia kama umefunga mlango?"

"Mlango nilikuwa nimefunga. Na hili pia nimehakikisha."

Nyuma yake nilisikia mtoto akicheza na kitu cha bati. "Mwanangu amepata nini?" aliuliza. Nikamwambia kwamba amekula kwa muda mfupi, kwamba hatari kubwa hutokana na kula mfululizo, kwamba ampeleke kliniki wamwone na kumpima uzito. Alimpeleka kesho yake. Walimpima, wakamtazama macho na tumbo, wakasema anakua vizuri na wakamwambia aache unga ule. Dada akampikia uji wa mchele, mtoto akatema. Hilo lilimliza dada kuliko kipimo, nadhani kwa sababu alikuwa anatafuta pa kulilia.

Jioni hiyo nilipofika Visiga, shemeji alinipokea bila utani, jambo lisilo la kawaida kwake. Dada ndiye aliyesema kile ambacho mimi nilikuwa nimekizunguka siku nzima.

"Mtoto tumemwahi. Sasa bibi. Ukimwambia mahindi yake yana sumu, hatamlisha mtoto wa mtu tena. Wewe unamjua."

"Na nisipomwambia atatuma mengine. Nusu anayo."

"Basi nenda. Lakini usiende na hayo makaratasi yako."

Nilimjua bibi, ndiyo. Mume wake alishafariki, mashamba mengine yalishauzwa, watoto wake walihamia kwenye umeme na maji ya bomba, na katika ukoo wote kitu kimoja tu kilikuwa bado hakiwezi kufanyika bila yeye. Kitu hicho ndicho nilichokuwa nakwenda kukigusa.

Niliondoka Kibaha asubuhi kupitia Kiluvya. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitunga hotuba yenye utangulizi kuhusu mvua, sehemu ya kati kuhusu kuvu, na hitimisho lisilomlaumu mtu. Nikaibomoa, nikaipanga upya nikianza na hitimisho. Pikipiki iliponishusha kwenye mikorosho nilikuwa nimebaki na sentensi moja nzuri, nayo niliisahau nilipomwona amekaa kwenye mkeka akimenya muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Mume gani anakuja kwa mkewe mikono mitupu? Hata sukari guru?"

"Nimekuja haraka."

"Mwanamume akija haraka kwa mke mzee ana kosa. Kaa. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

Nikakaa. Nikamwambia. Hotuba yote ilikuwa imepotea, nikasema tu kwamba mahindi aliyomtumia mtoto yameota kuvu, kwamba kuvu hiyo inatoa sumu, kwamba nimeipima kwa mikono yangu, na kwamba mtoto ameacha kuyala na kliniki wamesema ni mzima.

Aliendelea kumenya. Ganda la muhogo lilitoka refu, halikukatika. Alipomaliza akauweka muhogo kwenye beseni, akafuta kisu kwa upindo wa kanga.

"Mahindi yale," akasema, "nimeyachagua mwenyewe. Punje mbovu sikuacha hata moja."

"Najua, bibi. Sumu haionekani."

"Sikuyaweka jikoni."

"Uliyaweka wapi?"

Akainuka, nami nikamfuata ndani. Chumba chake kilikuwa chumba bora kuliko vyote katika nyumba ile, chenye sakafu ya saruji ambayo mama yangu na ndugu zake walichangishana kuiweka. Akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa nailoni uliozungushiwa kanga mbili, na juu yake kanga ya tatu, mpya, ambayo ilikuwa bado na wanga wake wa dukani. Akazifungua moja baada ya nyingine na kuzikunja kabla ya kufungua mfuko. Nilipoingiza mkono, mahindi yalikuwa na uvuguvugu. Mtu ambaye hajawahi kuingiza mkono kwenye gunia lililoanza kuvunda hawezi kuelewa hisia hiyo. Ni kama kumgusa mtu mwenye homa. Harufu ilikuja baadaye, ndogo, ya nguo iliyoanikwa ndani.

"Yule mwanamume wa bara alisema moshi," bibi alisema. "Nikaona kweli, mtoto wa mjini, kwa nini anuke moshi. Yote nimeyapandisha uchagani, haya nikayapukuchua mapema nikayaweka hapa. Panya asifike, moshi usifike, vumbi lisifike."

Hewa pia haikufika. Sikulisema. Nilikuwa nimesimama katika chumba ambacho kila kilichofanyika ndani yake kilifanyika kwa upendo, nami nilikuwa na uwezo wa kueleza, hatua kwa hatua, jinsi kila tendo la upendo lilivyoongeza joto na unyevu. Punje mbichi, nailoni, saruji, kanga tatu. Mahindi yake mwenyewe, ambayo hakuyajali, aliyaacha kwenye fito kule jikoni, moto ukaendelea kuyakausha kila alipopika. Nilimwuliza kama naweza kuchukua sampuli ya hayo. Niliuliza kwa sauti ya mtafiti kwa sababu ile nyingine haikuwa tayari.

"Chukua. Mie nayala kila siku. Kama ni kuua, yamechelewa."

Tukaenda jikoni. Sikutaka kuchukua hindi moja au mawili kwa kuwa sumu hii haisambai sawasawa. Punje moja yaweza kuibeba na jirani yake isiwe nayo kabisa, na mtu anayechota sehemu moja hujidanganya kwa tarakimu. Nikapanda kwenye kigoda, nikatoa mahindi ya kila kona, ya juu na ya chini, tukayapukuchua wote wawili tukiwa tumekaa mlangoni. Mikono yangu ilikuwa imesahau kazi hiyo, kidole gumba kikaanza kuuma. Punje zikadondoka kwenye ungo kwa ule mlio wake, na nilikuwa na umri wa miaka ya likizo tena, nikisikia watu wazima wakizungumza mambo yao juu ya kichwa changu. Kisha nikayachanganya, nikayatandaza, nikayagawa mafungu manne, nikaondoa mawili, nikachanganya yaliyobaki na kuyagawa tena.

"Unafanya nini?"

"Napata sampuli ya haki."

"Unagawa mahindi kama kadhi anayegawa mirathi. Na mimi mjane nitapata fungu gani?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mstari ule ukatae kutokea.

Ilibaki kazi ya mahindi ya mfuko. Bibi alidhani atawapa kuku. Nikamwambia kuku nao hudhurika, na kidogo hupita kwenye mayai. Akadhani atatengenezea kimea. Nikakataa. Akauliza basi yafanywe nini, nami nikajibu kwamba yazikwe, mbali na kisima. Nilimwona akilipima neno hilo. Katika nyumba ile hakuna chakula kilichowahi kutupwa. Hata ukoko wa ugali ulikuwa na mwenyewe.

Nikachimba nyuma ya mikorosho. Jirani wa bibi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na kuni kichwani, akasimama.

"Kuna nini hapo, somo? Nani kafariki?"

"Hakuna msiba. Mahindi yameharibika."

"Unafukia mahindi? Na mimi nina kuku!"

"Mayai ya hao kuku utampa nani? Si wajukuu wako?"

"Kwani yana nini?"

"Yana kuvu. Muulize huyu mume wangu, ndiyo shule aliyosomea, kuvu."

"Miaka yote hiyo shuleni, kuvu tu?"

"Kuvu tu," bibi akasema, na nilisikia katika sauti yake kitu ambacho sikukitarajia, kama kunitetea. Yule mama akacheka, akarekebisha mzigo wake, akasema na yeye ana gunia ndani ambalo linamtia shaka, na akaondoka akiahidi kurudi.

Bibi alimimina mahindi mwenyewe. Hakutaka niyaguse. Yalikuwa meupe mno kwenye udongo mwekundu. Nilipoanza kufukia, akauliza, akiwa amelitazama shimo.

"Kabla ya mama yako nilikuwa na mtoto mwingine. Unajua?"

Nilijua. Kulikuwa na kaburi dogo lisilo na maandishi upande wa pili wa mihogo, na tulikatazwa kukimbia hapo.

"Alikuwa ameanza kula. Akawa hakui. Tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Mwaka ule nao mvua haikuondoka. Ni hii?"

Nimeulizwa maswali na majopo ya walimu, nami hufikiri sana kabla ya kujibu, wakati mwingine hadi wanakereka. Sijawahi kufikiri kama nilivyofikiri pale nikiwa nimeshika jembe. Niliyaona magonjwa mengine yote yanayoweza kumfanya mtoto awe hivyo, na nilijua ni mengi. Niliiona pia njia fupi ya kusema hapana. Lakini sikuwa na mahindi ya mwaka ule wala damu ya mtoto yule, na yeye hakuwa ameniuliza ili nimtulize.

"Sijui, bibi. Inawezekana. Inawezekana pia ni ugonjwa mwingine. Hakuna anayeweza kujua sasa."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa.

"Na mama yako? Na ninyi?"

"Sisi tulikua. Yale ya kwenye uchaga yalikuwa makavu."

"Ya kwenye uchaga," akarudia. Kisha akaniambia nifukie zaidi, mbwa wa jirani huchimba.

Nilirudi Kibaha na sampuli kwenye mfuko wa karatasi, nikaupakata njia nzima. Sikutaka kuwa na matumaini, kwa kuwa matumaini humharibu mpimaji. Nilijikumbusha kwamba moshi haui sumu, kwamba paa likivuja uchaga nao huvunda, kwamba hata mahindi makavu sana yaweza kuwa yaliambukizwa tangu shambani. Yote hayo ni kweli. Lakini usiku wa kuamkia kipimo niligundua kwamba nilichokuwa naogopa hakikuwa tarakimu. Niliogopa simu ambayo ningelazimika kuipiga.

Kwenye kijiti mistari ilitokea miwili. Wa pili ulikuwa mwekundu wazi, usiohitaji kugeuzwa kwenye mwanga. Hata hivyo nikapeleka sampuli kwenye mashine kubwa, na msimamizi wangu, bila kuombwa, akaja kusimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Ilikuwa chini kabisa ya kiwango. Akanigusa bega akaenda zake.

Nilimpigia dada kwanza. Nikamsikia akimwita mumewe, na shemeji akaichukua simu.

"Mwambie bibi," akasema, "hata akitaka kumkausha mtoto mwenyewe juu ya uchaga, nitampandisha."

Bibi hana simu yake. Hupigiwa kwa yule jirani mwenye kuku. Nikasubiri aitwe. Nilisikia kandambili zake zikija, na kule nyuma yule jirani akiuliza kwa sauti gunia lake nalo litapimwa lini.

"Haya, mume wangu. Sema."

"Ni mazima, bibi. Ya uchagani ni mazima. Mtoto anaweza kula."

Nilitegemea ashukuru Mungu, au alie, au aniulize nina hakika. Nilikuwa nimeandaa jibu la hakika na mipaka yake, na maelekezo kuhusu kuanika kwenye turubai, na mfuko unaopitisha hewa.

"Umepima yote?"

"Nimepima sampuli. Ya haki."

"Basi nayapukuchua leo. Kesho kutwa kuna kijana anapanda gari la Mlandizi, atayaleta. Mama wa mtoto aoshe ungo kabla hajayaweka, na asisage yote kwa mara moja, unga ukikaa unapoteza ladha. Uji uwe mwepesi, mtoto mdogo hasukumwi tonge. Na sukari," akasema, na sauti yake ikapanda kama ilivyokuwa ikipanda tulipokuwa wadogo na tumeingiza mkono pasipo ruhusa, "mwambie sukari asimwekee kabisa. Huyo mtoto hajui sukari ni nini, asimfundishe. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Haya. Kata simu, chaji ya watu inaisha."